Waliokwenda Kuteka Maji

"Hodi. Wenyewe wapo?"

Hilo ndilo swali lililonishinda mwaka ule. Si swali gumu. Mtoto anayejifunza kusema hulijibu akiwa amekaa kizingitini na kijiko mkononi, na hakuna nyumba Dar es Salaam ambamo halijibiwi mara kumi kwa siku. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Kampala, nimeshinda mitihani ya historia na mantiki, na nilikuwa na tabia ya kumkatiza kila mtu kwa "umejuaje?" hadi wenzangu wakanipa jina la Bi Umejuaje. Lakini swali lile lilipoulizwa kwa zamu yangu, saa sita na nusu ya mchana, jua likiwa utosini, nilikuwa nimejikunyata ndani ya nyumba ya mawe iliyobakiwa na robo ya paa, nimeuma kalamu ya risasi, na sikuweza kufungua kinywa.

Nimeanza kuyakumbuka haya kwa sababu ya Salha. Mwezi uliopita nilikwenda Mtoni kwenye hitima ya mdogo wake, na yeye, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, alinisogezea mkeka akaniambia nikae pale pale nilipokuwa nikikaa zamani. Nikatazama juu. Nyumba imetiwa dari sasa. Zamani haikuwa nayo, na kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu na nusu, halafu nafasi tupu, halafu makuti. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani alimwambia pole. Nilipanga chumba cha katikati kwa baba yake Salha, Bwana Nasoro, Mwarabu wa kuzaliwa Kilwa aliyekuwa na duka upande wa barabarani, na mwaka mzima nililala ndani ya harufu ya mafuta ya taa, karafuu na dagaa. Salha alikuwa wa umri wangu. Alikuwa amerudi kwa baba yake na talaka moja, na alisema hiyo moja inamtosha. Tulikula sinia moja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alipenda kunisikiliza nikibishana na baba yake juu ya majini. "Baba, muache," alikuwa akisema, "huyu hata akikutana nalo atalidai kitambulisho."

Miaka ile ya hamsini Mwingereza bado alikuwa ndiye mwenye amri, na ofisi yake moja ilikuwa ikiorodhesha miji ya kale ya pwani ili iamue ipi itunzwe na ipi iachwe. Walitaka mtu wa kuandika na kutafsiri. Walitarajia mwanaume, nikaja mimi. Mkubwa wangu alikuwa mpimaji wa Kizungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba yake ya kupimia iliyokuwa begani mwake kila wakati kama kwamba ni skafu. Hakuwa mtu mbaya. Kiswahili alikipata jeshini, na alikitumia kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya wengine. Alinipa daftari lenye mistari ya kujazwa, akaniambia, "Wewe andika kweli tu. Hapana andika hadithi." Nikamjibu kuwa ndicho nilichosomea. Nilijiona nimefika.

Mji tuliopewa kuanza nao wenyeji waliuita Mwanakuta. Gari la ofisi lilitupitisha Mzinga, likatuacha penye mashamba ya minazi, na kutoka hapo tulitembea kwenye njia ya mchanga hadi miti ilipoanza kubadilika na chini ya miguu tukaanza kukanyaga vigae. Kwanza huoni mji. Unaona kichaka, halafu unaona kwamba kichaka kimenyooka mno, halafu unatambua kuwa kimeota juu ya ukuta. Palikuwa na lango, msikiti uliobakiza kibla na nguzo mbili, nyumba sita au saba za matumbawe, na makaburi yenye minara, mmoja wao ukiwa na bakuli la kauri la rangi ya buluu lililopachikwa katikati kama jicho. Palikuwa na kisima kilichojengwa kwa mawe ya kuchonga. Bwana Kamba alishusha kamba yake ndani yake, jiwe lililofungwa nchani likagonga mchanga mkavu, akaniambia niandike: maji hakuna. Hakikuwa na ndoo, wala kapi, wala hata alama ya kamba iliyo mbichi kwenye ukingo. Naandika jambo hili kwa uangalifu kwa sababu nimelifikiria sana mwezi huu.

Asubuhi ile ya kwanza mnyapara wetu, Mzee Chande, aliyekuwa amepakua mizigo Kurasini hadi mgongo ukamwambia basi, alisimamisha watu wake kumi mbele ya lango na kuvua kofia. "Hodi!" akaita. Nilidhani ni mzaha.

"Unampigia nani hodi, Mzee Chande?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Hapa hakuna mtu."

"Ningemjua, binti yangu, ningemwita kwa jina." Akaita tena, "Hodi! Wenyewe wapo?"

Na kutoka ndani, nyuma ya kuta, ikatoka sauti nyembamba, kavu, isiyo na haraka: "Karibuni. Wenyewe wamekwenda kuteka maji."

Wafanyakazi wakaingia, kila mtu na jembe lake, kama watu waliokaribishwa harusini. Bwana Kamba hakutambua kitu. Alifikiri sauti ile ni ya mmoja wetu. Mimi nywele zilinisimama, nikakasirika kwa sababu zimesimama. Siku tatu nilikagua mji ule kwa hasira hiyo. Nilipiga makofi mbele ya kila kidaka cha ukutani nisikie mwangwi. Nilipiga kelele ndani ya kisima. Nilimweka Mzee Chande langoni aite, mimi nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mara jibu lilitoka upande ambao sikuwepo. Kijana mmoja wa Kinyamwezi kati ya wafanyakazi aliniuliza kama nimepoteza herini. Siku ya nne nilifuata harufu ya uji wa mtama, nikapita tundu la ukuta ambalo nilikuwa nimelipita mara ishirini nikidhani ni pango la mchwa, nikatokea kwenye chumba ambacho robo ya paa lake ilikuwa imeezekwa makuti mapya. Bikizee alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Alivaa kaniki na kujitanda ukaya, ile shela nyeupe nyepesi ambayo wakati ule ni wanawake wa kale tu waliokuwa bado wakiivaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenitafuta siku tatu," akasema bila kuinua uso. "Ungepiga hodi."

Huyo ndiye Bi Mize. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimekamata jini, na jini lenyewe linakuna nazi. Alinipa uji kwenye kifuu, akanipa na kipande cha ng'onda, samaki wa kukaushwa, na nilipokuwa nikila niliangalia vidaka vya ukutani ambavyo waliovijenga waliviwekea vyombo vya kauri kutoka nchi za mbali, na ambamo yeye aliweka chumvi, kibiriti, mswaki na msahafu uliofungwa kitambaa. Nikatoa daftari.

"Bibi, hawa wenye mji walihama lini?"

"Nani kahama?"

"Waliojenga."

"Hawajahama. Kisima kiliingia chumvi, wakaenda kuteka maji."

"Lini?"

"Kabla ya bibi yake bibi yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Unacheka nini, mtoto wa bara? Mama yako akienda kisimani, jirani akaja akakuta mlango wazi, atasema mama yako kahama? Atasema kenda kisimani, anarudi. Lakini sharti awepo wa kumwambia. Mlango ukipigiwa hodi mara tatu na usiitikiwe, hapo ndipo pamehamwa. Pakishahamwa ni mahame, na mahame kila mtu huchukua jiwe." Alisema waliokwenda walimwacha mwanamke mmoja aitikie. Mwanamke yule alimwachia binti yake, na hivyo hivyo hadi kwake. Yeye binti hakujaaliwa. Alilisema hili la mwisho huku akikamua tui, kwa sauti ile ile ya kusema nazi hii haina mafuta.

Nilirudi kwa Bwana Kamba na ugunduzi wangu, na hapo ndipo ugunduzi wangu ulipogeuka. Kwenye daftari palikuwa na mstari mmoja: panakaliwa, au hapakaliwi. Nilikuwa nimeandika: panakaliwa, mtu mmoja. Bwana Kamba aliusoma, akakaa juu ya ndoo ya chokaa, akavua miwani. "Kama bibi iko, hii kijiji tu," akasema. "Kijiji na mawe mzee. Mimi hapana nguvu." Alinieleza mengine kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii: mahali palipohamwa hutangazwa kuwa kumbukumbu, na hakuna anayeruhusiwa kugusa hata kokoto, lakini penye mkazi ni kijiji, na mawe ya kijiji yanaweza kuombwa. Na yalikuwa yameshaombwa. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za wafanyakazi wa bandarini alitaka matumbawe ya kuchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa mwendo wa robo saa kutoka langoni, na ukuta wa kaskazini wa msikiti ulikuwa umekwishaingia humo. Siku ambazo upepo ulivuma kutoka huko tulikohoa msikiti. Ofisi ilimtaka Bi Mize atie dole kwenye karatasi kwamba hakai pale wala hana madai. Akitia, mji unasalia na yeye anaondoka. Asipotia ndani ya wiki tatu, mkandarasi anapata barua yake, na mji unakwenda tanurini na yeye akiwa ndani yake.

Sikupata usingizi kwa hesabu hii ambayo haikutaka kukubali. Ili mji uhifadhiwe, ilibidi kwanza aliyeuhifadhi aseme kuwa hayupo. Nilimweleza Bi Mize kwa saa nzima, nikachora hata ramani kwenye mchanga, nikamkaribisha aje akae kwetu Mtoni. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza mkandarasi ni mtoto wa nani, halafu akasema, "Kuja kukaa kwenu Mtoni nitakuja, huyo mpimaji aone nyumba tupu afurahi. Lakini dole sitii. Nikitia dole nimesema ni mahame kwa mkono wangu."

"Bibi, usipotia watavunja."

"Wakivunja watakuwa wamevunja wao."

Ndipo akaniwekea sharti. Siku za kazi, alisema, Chande na watu wake wamo, mji una watu, akija mgeni ataitikiwa. Lakini Ijumaa mchana wafanyakazi huenda kuswali na mji hubaki mtupu, na Ijumaa mchana, jua likisimama na watu kukosa kivuli, ndiyo saa ya wageni. "Ijumaa utakaa wewe. Chumbani mwangu. Akipiga hodi mtu, unasema maneno niliyokufunza. Huongezi, hupunguzi."

"Atapiga nani, Bibi? Njia ile haipitwi."

"Wewe si unataka kujua kila kitu? Kaa ujue."

Niliahidi. Niliahidi jinsi mtu anavyomwahidi mgonjwa, kwa ulimi. Bi Mize akahamia kwa Bwana Nasoro na kitanda chake cha kamba na msahafu wake, akapewa chumba cha uani pamoja na Salha. Hakuzoea. Kila mteja aliyegonga meza ya duka na kusema hodi, yeye aliitikia kutoka uani, "Karibuni, wenyewe wamekwenda kuteka maji," na Bwana Nasoro, akiwa amesimama nyuma ya mizani, alilazimika kueleza kuwa yupo. Watoto wa mtaa walipogundua wakawa wanapita kupiga hodi kwa makusudi na kukimbia. Chakula hakikumpita kooni. Salha alimpikia mkate wa kumimina, akamchambulia samaki miiba yote, sinia ikarudi kama ilivyokwenda. Jioni moja baada ya kula, nikiwa nimejinyoosha chumbani mwangu, nilimsikia kupitia juu ya ukuta akimwambia Salha taratibu, "Huyu mtoto wa bara akili anayo. Sauti ndiyo sijui." Nilijua amejua kwamba nasikia.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda na kitabu. Chumbani mwa Bi Mize palikuwa na ubaridi wa mawe, na kwenye kiunzi cha mlango jua lilikata mstari kama kisu. Nilisoma kurasa thelathini. Hakuja mtu. Ijumaa ya pili nilisoma kurasa nne. Sikuwa naogopa, nilijiambia. Ila nilikuwa nimetambua kuwa saa sita mchana ndani ya mji mtupu ndege huacha kulia wote kwa pamoja, na kwamba usipokuwa na kivuli unaanza kuangalia miguu yako kuhakikisha unagusa chini. Nilikuta pia kwamba nimegeuza mgongo wangu ukutani bila kukumbuka lini nimefanya hivyo.

Ijumaa ya tatu ndiyo ya mwisho. Jumatatu yake karatasi ilikuwa irudi ofisini, iwe na dole au bila dole. Niliingia saa sita kasoro. Nilikuwa na daftari na kalamu ya risasi, nimeamua kuandika kila sauti na saa yake, kama alivyotufundisha mwalimu mmoja kwamba hofu ikiandikwa hupungua. Niliandika: mjusi. Niliandika: jani. Halafu nikasikia, kutoka upande wa lango, "Hodi."

Haikuwa sauti niliyoijua. Ilikuwa nzito na ya ndani, kama ya mtu anayesema kupitia nguo au kupitia udongo, na haikuwa na jinsia. Nilijua maneno. Yalikuwa matano tu na nilikuwa nimeyasikia kila siku kwa karibu mwezi mzima. Nilijua pia maelezo yote: mchuma kuni, mwenye minazi, mfanyakazi aliyesahau kofia. Hakuna hata mmoja kati yao anayengoja kimya hivyo. Ikaja ya pili: "Hodi." Nikajikuta kalamu iko kati ya meno yangu na naiuma. Nikafikiri: nikiitika, nimekubali kwamba kuna anayeuliza. Nikafikiri: nisipoitika, nimefanya pawe mahame. Ikaja ya tatu, polepole, kila neno likiwekwa chini kama chombo cha udongo.

"Hodi. Wenyewe wapo?"

Niliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Sina jambo katika maisha yangu ninaloliona wazi kuliko lile: msichana msomi, magoti kidevuni, kalamu mdomoni, mikono masikioni, anahesabu hadi mia kwa Kiingereza. Nilipofika mia nikaachia. Nikasikia nyayo zikiondoka. Hazikuwa za mtu aliyekata tamaa, wala za mtu aliyekasirika. Ziliondoka polepole na kwa utulivu, kama za mtu aliyepata alichokifuata. Nilipotoka langoni mchanga ulikuwa umevurugwa na miguu ya wafanyakazi wa wiki nzima, na haukuniambia kitu.

Nilifika Mtoni alasiri, miguu imejaa vumbi. Bi Mize alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, ukaya wake umekunjwa mapajani, na Salha anachambua mchele pembeni.

"Ulikaa?"

"Nilikaa, Bibi."

"Alipiga mtu hodi?"

Kungekuwa na njia nyingi za kujibu. Nilichagua fupi. "Hakuna. Hakuja mtu."

"Wala wewe hukufungua mdomo?"

"Nifungue mdomo niseme na nani, Bibi?"

La pili lilikuwa kweli, na labda ndiyo sababu nililisema vizuri. Nilingoja anikemee. Badala yake Bi Mize alifumba macho, akapitisha kiganja usoni kama mtu aliyemaliza dua, akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akamwambia Salha alete chakula kama kipo. Alikula sahani nzima ya wali na mchuzi wa papa, akalamba vidole, akaomba ukoko. Bwana Nasoro alitoka dukani kuja kutazama. Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa chai, Bi Mize alinifuata chumbani kwangu na kidole gumba kimenyooshwa. "Lete wino wa huyo Bwana wako." Nikamuuliza kwa nini amebadili shauri. "Wewe bandika tu," akasema, "hapo pangu pamekwisha."

Nilielewa kama mtu yeyote angeelewa. Amejua. Kwa njia fulani amejua kwamba hodi ilipigwa mara tatu na haikuitikiwa, kwamba mji umekufa mikononi mwangu, na hana tena sababu ya kukataa. Ile alhamdulillahi niliichukua kuwa ni shukrani ya mtu anayeshukuru hata kwa msiba, kama wafanyavyo wazee wa pwani. Bwana Kamba alinipa mkono akasema nimefanya kazi kubwa. Mkandarasi alinyimwa mawe, tanuri likazimwa, na ofisi ikapigilia ubao langoni ulioandikwa kwa Kiingereza, ukikataza kuingia bila idhini. Bi Mize hakurudi huko hata siku moja. Hakuomba. Aliacha pia kuwaitikia wateja wa duka. Watoto walipiga hodi wakachoka. Alifariki pale Mtoni mwaka ule haujaisha, usingizini, na mimi nilibeba maji ya kumuoshea kutoka bombani hadi uani nikiwa na hakika kwamba nimemuua kwa uongo wa maneno matatu. Niliacha kazi ile. Nimefundisha historia miaka yote iliyofuata, na kila nilipowaambia wanafunzi kwamba mji fulani ulihamwa karne fulani, ulimi uliniuma kidogo.

Kuta za Mwanakuta zimesimama hadi leo, na bakuli la buluu lingalipo. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria kwenye hitima, nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa, Salha alipoegemea ukuta akasema, "Shoga, mie sikukushukuru, na leo watu wanakwisha. Nikushukuru kwa vile ulivyomwitikia Bi Mize."

"Nilimwitikia lini?"

"Ijumaa ile ya mwisho. Hukujua ni sie?" Akacheka kwa meno yaliyobaki. "Alitaka kuona kama utatimiza. Tulipanda lori la nazi la baba, tukashukia shambani, tukaenda kwa miguu. Akauziba mdomo kwa ukaya ili usiijue sauti yake, akapiga hodi. Mie roho juu, nasema huyu Felista kalala. Ya pili, kimya. Ya tatu ndipo ukaitika. Bibi alinikamata mkono, akasema haya, twende zetu. Lori likatufikisha kabla yako."

Nilitaka kumwambia. Kalamu ile ninayo bado. Iko sandukuni, na alama za meno zimezama hadi kwenye risasi. Nilikumbuka uso wa Bi Mize uani, na maswali yake mawili, na jinsi lile la pili lilivyokuwa ndilo hasa alilotaka kulijua. Lakini nilichotoa ni lile neno langu la zamani.

"Umejuaje ni mimi?"

"Angekuwa nani mwingine? Sauti ya mwanamke, ya kijana. Ila uliyakosea maneno, ndiyo maana nayakumbuka, na uliporudi ukasema hakuja mtu nikajua waona haya. Ulisema, 'Karibuni. Wenyewe tumerudi.'" Salha alichukua kikombe changu kunimiminia kahawa nyingine. "Na wala hukuwa chumbani kwake kama mlivyopatana. Ulikuwa kule kisimani. Niliisikia ndoo ikigonga ukingo, na maji yakimwagika."